Salamu Niliyoitoa Nimesimama

Siku ya Krismasi, sebuleni kwa baba yangu huko Buganguzi, mbele ya wake za kaka zangu na wazee wawili wa kanisa waliokuja kunywa chai, nilimsalimu baba nikiwa nimesimama. Niliinama kidogo, nikanyoosha mikono, nikatamka maneno yote ya salamu kama nilivyofundishwa utotoni, ila magoti sikuyakunja. Nyasi mbichi zilikuwa zimetandazwa sakafuni tangu asubuhi, safi, za kupokelea watoto wanaorudi nyumbani. Nilisimama juu yake wima, na chumba chote kikaniona.

Kwetu Wahaya binti hamsalimu baba yake hivyo, awe mwalimu, awe mbunge. Unashuka kwa magoti yote mawili, unampa mikono, na unabaki hapo chini mpaka amalize kukuuliza habari za kazi, za safari, za majirani zako ambao hajawahi kuwaona. Baba yangu alikuwa na tabia ya kurefusha. Aliuliza hata habari za mvua ya Bukoba ninakoishi, kana kwamba Bukoba iko nchi nyingine. Akishatosheka ndipo anakuachia mikono, nawe unainuka. Tangu nijue kusema sikuwahi kumsalimu namna nyingine.

Alinitazama. Akaniitikia kwa neno moja, hakurefusha. Kisha akamgeukia shangazi yangu, dada yake aliyekuja kuishi naye baada ya mama kufariki, akasema kwa Kihaya, polepole, "Huyu mgeni mpeni kiti."

Watu wakacheka kile kicheko cha kutaka jambo lipite. Nililetewa kiti, nikakaa. Ndizi za siku ile nilizila bila kujua ladha yake. Mimi, binti yake wa pekee, niliyezaliwa chumba cha pili kutoka pale nilipokaa, nilikuwa nimeitwa mgeni. Nilijua nimestahili, na bado nilimkasirikia.

Sababu yenyewe ilikuwa ndogo na ya aibu. Kama ningepiga magoti, nisingeweza kuinuka.

Mimi ni mwalimu wa michezo. Nafundisha Bukoba, nimepanga Ijuganyondo, na kwa miaka mingi nimefundisha wasichana netiboli. Nilikuwa na mdomo. Msichana mnene akibaki nyuma kwenye mbio nilimuuliza mbele ya wenzake amebeba mizigo ya nani. Niliamini kwamba mwili ni nia tu, na kwamba mtu mwenye mwili mlegevu ameulegeza mwenyewe. Nayasema haya bila kujitetea. Kuna wasichana watatu ninaowakumbuka kwa nyuso zao, na kama nikikutana nao leo sijui nitaanzia wapi.

Kwangu ulianza uso. Ulijaa, ukawa mviringo, mashavu yakavutika na kung'aa, na mji wote ukanipongeza. Mama anayeniuzia nyanya sokoni alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, umenawiri! Huko kwako kuna nini?" Wengine walitazama tumbo wakatabasamu, kwa sababu tumbo nalo lilikuwa limetoka. Hawakuona kwamba mikono na miguu ilikuwa ikikonda. Hawakuona michirizi ya zambarau iliyojichora tumboni, mipana kama kidole, wala nundu ya nyama iliyoota nyuma ya shingo. Hedhi ilikoma. Usingizi ukanikimbia. Nikigusa kona ya meza, kesho yake nina alama nyeusi. Hasira zangu, ambazo hazikuwahi kuwa haba, zikawa hazina breki.

Kwenye zahanati waliniambia nina presha, na sukari imeanza kupanda. Nipunguze kula, nifanye mazoezi. Mimi niambiwe nifanye mazoezi! Nilitoka pale nacheka kwa hasira, na kesho yake alfajiri nikaanza kukimbia. Nilishuka kutoka Ijuganyondo mpaka karibu na mjini, nikapanda tena. Mwezi wa kwanza wa mazoezi hayo nilikimbia njia yote. Baada ya miezi mitatu nilikuwa natembea mlima wote. Nikajiambia huo ni uvivu wa umri, nikaongeza siku za kukimbia.

Mwezi wa kumi na moja, shule ikikaribia kufungwa, niliwaonyesha wasichana zoezi la kuchuchumaa na kuinuka. Nilichuchumaa vizuri kabisa. Sikuinuka. Mapaja yalitetemeka, kisha yakanyamaza, kama si yangu. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, nikawaamuru wakimbie raundi tatu za uwanja na atakayegeuka nyuma aongeze mbili. Walipotoka nilitambaa mpaka kwenye nguzo ya goli, nikaipanda kwa mikono hadi nikasimama. Wiki chache baadaye ikaja Krismasi.

Ningeweza kumwambia baba, "Tata, miguu yangu inauma." Ni maneno manne. Lakini sebuleni walikuwamo wake za kaka zangu, ambao kila mwaka niliwatania kwamba wakitoka jikoni kwenda kisimani wanahema kama wazee. Nilifikiria kutambaa mbele yao kutafuta ukuta wa kushika. Nilifikiria wakininyanyua kwa kwapa. Nikaona afadhali waseme nina kiburi kuliko waseme sina nguvu. Kiburi ni aibu ya mtu mwenye kitu. Hilo ndilo kosa langu, na sijapata wa kumsukumia.

Kuna picha ya siku hiyo, ya simu, tulipigwa barazani baada ya kula. Baba amekaa katikati, mkongojo wake katikati ya magoti. Nyuma yake amesimama mwanamke mwenye uso wa duara na macho madogo. Amevaa kitenge changu, na mkono wake uko kwenye bega la baba yangu. Nilipotumiwa picha hiyo nilijitafuta mimi, nikapitia watu wote mmoja mmoja, nikarudi kwa yule mwanamke. Niliogopa. Kwa miezi mingi sikupenda kuwa peke yangu chumbani na kioo, nisije nikamkuta.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, nilianguka kwenye ngazi za ofisi ya walimu. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, jirani yangu na rafiki yangu, alinipakia kwenye bodaboda, naye akapanda nyingine nyuma yetu, mpaka hospitalini. Tulimkuta daktari msichana, wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Hakunipima uzito. Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akasema, "Mwalimu, kunja mikono kifuani, uinuke kwenye hicho kiti."

Nilijaribu mara mbili. Mara ya tatu nilianza kumfokea. Alinisubiri nimalize, akaomba picha yangu ya zamani. Nilimwonyesha moja ya miaka miwili nyuma, nimebeba kombe na wasichana wangu, mifupa ya mashavu imechomoza. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha.

"Hujanenepa, mwalimu," akasema. "Unaumwa."

Nikalia kwa sauti, na kusema kweli nililia kwa furaha. Mtu mmoja duniani alikuwa ametambua kwamba yule mwanamke wa kwenye picha si mimi.

Alinieleza kwa maneno ya kawaida. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama harage, inaitwa pituitari, nayo ndiyo inayotuma amri kwa tezi nyingine za mwili. Katika tezi yangu alidhani kumeota uvimbe, si saratani, lakini uvimbe unaotoa homoni, na amri yake ni moja tu: mwili utengeneze kortisoli bila kupumzika. Homoni hiyo ikiwa kidogo inatuamsha asubuhi. Ikizidi inajaza uso na tumbo, inapandisha presha na sukari, inavuruga akili, na inakula nyama ya mapaja. "Ulipokuwa unakimbia," akasema, "ulikuwa unadai kazi kwa misuli ambayo inaliwa."

Vipimo vilinipeleka Mwanza, na Mwanza wakanipeleka Dar es Salaam, ambako uvimbe ulionekana, mdogo kuliko punje ya kahawa. Walinipasua kwa kupitia puani. Rafiki yangu alinisindikiza. Nyumbani niliwaambia nimeitwa kwenye semina ya walimu. Shangazi alipopiga simu nilikuwa kitandani na pamba puani, akaniuliza kama nina mafua. Nikasema ndiyo, Dar kuna vumbi. "Na baba yako naye anakohoa," akasema. "Anauliza mgeni wetu yuko wapi siku hizi."

Mgeni. Jina lilikuwa limekaa. Ningeweza kumwambia palepale, na ningemwambia kama asingelitaja neno hilo. Lakini mimi ni binti wa baba yangu: tukichomwa tunanyamaza mpaka mwingine aanze. Hapo kitandani nikajiwekea nadhiri. Nitapona, nitakwenda Buganguzi, nitapiga magoti yote mawili mbele yake, nitamwacha arefushe anavyotaka, kisha nitainuka kwa mkupuo mmoja bila kushika kitu. Baada ya hapo ndipo nitaeleza. Magoti kwanza, maneno baadaye.

Nilidhani itakuwa suala la wiki chache. Hakuna aliyekuwa amenidanganya, ila nilisikia nilichotaka. Mwili uliozoea mafuriko ya ile homoni sasa ulikuwa umekauka, na nilipaswa kuurudishia kidogo kidogo kwa vidonge, asubuhi na mchana, nisisahau hata siku moja. Viungo viliniuma kama mtu aliyepigwa. Nilichoka kwa kuoga. Ugonjwa ulikuwa umeondoka, na nilikuwa mgonjwa kuliko nilipokuwa nao. Presha ilishuka, sukari ikashuka, na wengine walioniona walisema maskini, mwalimu amekwisha, alikuwa amenawiri sana.

Uso wangu ulirudi kabla ya mapaja. Asubuhi moja niliona mfupa wa shavu kwenye kioo, wa upande wa kushoto. Niliugusa. Ilikuwa kama mtu wa nyumbani aliyepotea ameingia na kukaa mezani bila kusema alikokuwa. Sikufurahi kama nilivyotarajia. Nilibaki namwangalia kwa mashaka, nikijiuliza kama yule mwingine amekwenda kweli au yuko nyuma ya mlango.

Bukoba nilipewa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanaume mpole, asiyejua kwamba anamfundisha mwalimu wa michezo, na kwa aibu sikumwambia. Zoezi lake kubwa lilikuwa lile la daktari: kaa, kunja mikono kifuani, inuka. Nusu dakika, tuone mara ngapi. Siku ya kwanza sikuinuka hata mara moja. Akaniambia niende nyumbani, nikunje blanketi tano, nizipange juu ya kigoda changu cha jikoni, niwe nainuka kutoka juu yake. Nikiweza mara kumi, nitoe blanketi moja. "Na utembee," akasema. "Kidogo. Kesho yake ukiamka umechoka kuliko jana, jua ulizidisha."

Kidogo! Neno hilo sikuwahi kumwambia mwanafunzi. Siku ya kwanza nilitembea nguzo mbili za umeme kutoka mlangoni kwangu, nikarudi nimeshika ua wa jirani. Wiki ya tatu nilikuwa nguzo tano. Kisha kichwa changu kigumu kikanipanda. Jumamosi moja niliamua kupanda mlima wote, na kwa vile nilitaka kujua nguvu zangu zenyewe ni ngapi, sikumeza vidonge. Walinikuta nimekaa pembeni mwa barabara, jasho baridi, natapika, sijui jina la mtaa wangu. Daktari msichana alinigombeza mbele ya wagonjwa wenzangu, mdomo wake mkali kuliko wangu wa uwanjani. Aliniambia mwili wangu kwa sasa hauna akiba, vidonge ndiyo akiba yenyewe, na hata homa ndogo ikinishika niviongeze mara mbili kwanza, maswali baadaye. Nilimsikiliza nimeinamisha kichwa. Niliwakumbuka wale wasichana watatu.

Baada ya hapo nilitii. Nilitoa blanketi ya kwanza baada ya wiki saba. Ya pili baada ya tano. Kila siku nikiwa juu ya zile blanketi nilimwona baba mbele yangu, kwenye kiti chake, ameshika mkongojo, anasubiri. Niliinuka kumwelekea. Rafiki yangu alinikuta siku moja nikisema salamu za Kihaya peke yangu katikati ya chumba, natoka jasho.

"Si uende tu?" akaniambia. "Kaa kwenye kiti, umweleze mzee yaliyokukuta. Atakuelewa."

"Humjui baba yangu."

"Namjua binti yake. Inatosha."

Nilimkasirikia siku mbili. Sasa najua alikuwa sahihi, na najua kilichonizuia. Sikutaka baba anihurumie kabla hajaniona nikiwa mzima. Mapenzi ninayoyajua mimi yanaanzia chini, kwenye magoti, nayo nisingeweza kuyafikia.

Krismasi ya pili ilifika nikiwa na blanketi mbili. Nilijaribu sakafuni kwangu, nikaishia kushika mguu wa kitanda. Nikampigia shangazi nikamwambia nimepangiwa zamu shuleni. Akaniuliza, kwa lile neno letu la kusihi, "Krismasi, waitu?" Nikasema ndiyo. Nyuma yake nilisikia baba akikohoa, kisha akiuliza kitu, kisha shangazi akimjibu bila kufunika simu, "Haji."

Mwezi wa tatu nikawa nimebakiza blanketi moja. Jumapili baada ya ibada nilipiga magoti sakafuni, nikahesabu hadi mia moja, muda ambao baba angeutumia kuuliza habari zangu zote na mvua ya Bukoba. Kisha nikainuka. Nilitumia mkono mmoja kusukuma sakafu. Mmoja tu! Nilisimama katikati ya chumba nacheka peke yangu. Ningeweza kwenda wiki hiyohiyo, na mkono huo ningeuficha kwenye kitenge. Lakini nadhiri ilisema bila kushika kitu. Nikasema wiki ijayo.

Jumatano, kipindi cha michezo, niko uwanjani na filimbi mdomoni, shangazi alipiga. Baba alikuwa amekunywa uji, ameketi barazani kuangalia kahawa ikianikwa, na walipokwenda kuchukua kikombe walimkuta amekwenda.

Sikumbuki basi la Muleba wala bodaboda ya kupanda nayo Buganguzi. Nakumbuka mlango, na nyasi mbichi sakafuni, maana msiba nao hutandikiwa nyasi. Jeneza lilikuwa sebuleni. Nilishuka kwa magoti yote mawili nikasema salamu yote, taratibu, nikasubiri. Nikawa najijibu mwenyewe moyoni: kazi nzuri, safari nzuri, majirani wazima, mvua imenyesha. Kisha nikainuka kwa mkono mmoja. Hakuna aliyetazama. Nilikuwa nimefanya kazi ya miezi mingi kwa ajili ya dakika hiyo, na watu walikuwa wananipita wakitafuta pa kuweka mashada.

Tulimzika kibanjani, kati ya migomba, karibu na mama. Waombolezaji wanawake hukaa chini, kwenye nyasi, siku zote za msiba. Siku ya kwanza nilijikaza. Siku ya pili, pamoja na vidonge nilivyoviongeza kama nilivyofundishwa, miguu iligoma. Nilipotaka kutoka nje niligeuka kwa mikono na magoti, nikatambaa hadi ukutani, nikapanda ukuta kwa viganja, mbele ya wake za kaka zangu wote. Shangazi akainuka, akanifuata uani, akanishika mabega. "Una nini?"

Nikamwambia yote, tangu nguzo ya goli hadi blanketi ya mwisho. Alisikiliza ameziba mdomo kwa khanga. Nilipomaliza hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Krismasi ile, ilikuwa hii?" Nikasema ndiyo. Akatazama kule kibanjani kwenye udongo mpya, akaingia jikoni, na nikamsikia akilia kuliko alivyolia mazikoni.

Siku ya tatu alikuja bibi mmoja mwenye rozari mkononi. Alisindikizwa na mjukuu wa kike, akaulizia binti wa marehemu, akaja kukaa kando yangu kwenye nyasi. Sikumtambua mpaka alipotaja mwanawe. Zamani, nikiwa mwalimu mpya, mwanawe huyo alitaka kunioa. Walikuwa Wakatoliki, sisi Walutheri, na baba alikataa kwa kusema hataki wajukuu wa kugawanya Jumapili kati ya makanisa mawili. Nililia msimu mmoja wa mvua, nikaacha. Hatukulizungumza tena nyumbani, na mimi kwa miaka hiyo yote nilidhani halimo tena ndani yangu.

"Baba yako alikuja kwetu," bibi akasema.

Nikasema haiwezekani. Baba hakuwa mtu wa kuingia ile nyumba.

"Alikuja. Baada ya Krismasi hii iliyopita. Alikuja kwa bodaboda, amevaa koti lake la kanisani. Nikafikiri kuna kifo. Hakukaa kwenye kiti. Alisema, 'Binti yangu hanipigii magoti tena, na sasa haji. Nimetafuta nilimkosea wapi, nimepata ni hapa kwenu. Nilimnyima mtoto wenu. Nisamehe wewe kwanza, ili na yeye aweze.'"

Nilitaka kumwambia anyamaze. Akaendelea.

"Nikamwambia mzee, sisi hatuna neno. Kijana ana mke na watoto wanne huko Karagwe, hayo yamepita. Nikamwambia mpigie simu binti yako. Akasema mambo ya magoti hayasemwi kwenye simu. Akasema atasubiri uje, akuombe mwenyewe."

Bibi akasogeza punje moja ya rozari. Kisha akaniambia lile ambalo nadhani ndilo lililomleta, kwa sababu alishusha sauti ili wanawake wengine wasisikie.

"Alipiga magoti, mwanangu. Mwanaume, mzee, Mlutheri, mbele yangu mimi, sebuleni kwangu. Nilimwambia asifanye hivyo, akashuka tu. Tulipomaliza kusema, hakuweza kuinuka. Alijaribu kwa mkongojo, ukateleza. Akanitazama kwa aibu kubwa. Nikawaita vijana wangu wawili kutoka kibanjani, mmoja akamshika huku, mmoja huku, wakamsimamisha. Akajipangusa koti, akashukuru, akaondoka."

Leo blanketi zote zimerudi kabatini. Daktari amenipunguzia vidonge, na uwanjani nachuchumaa na kuinuka pamoja na wasichana, mnene na mwembamba, na hakuna ninayemuuliza mizigo. Asubuhi nikiamka napiga magoti chumbani, yote mawili, mikono nimeikunja kifuani, nainuka mara ishirini bila kushika kitu. Kila ninaposhuka namkuta baba pale chini kwenye sakafu ya watu, ametazama juu, anasubiri wa kumnyanyua. Na kila ninapoinuka namwacha palepale.